Kompyuta Ikipigana Vita vya Mahiwa

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazee, Mtwara mjini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mliokubali kuja na jua hili la mchana, vijana wote: asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Mtwara kuchele!

Nimeombwa nizungumze juu ya uigaji wa vita kwa kompyuta. Vijana wengi humu mnaujua kwa sura yake ya mchezo: unashika simu, unapiga risasi, unauawa, unafufuka, unaendelea. Sikuja kwa ajili ya hayo. Nazungumzia programu ambazo majeshi ya dunia huzitumia kuwafundisha makamanda na kupima mipango yao kabla mtoto wa mtu hajapelekwa mahali ambapo akipigwa hafufuki. Tutapita kwenye hesabu kidogo, na hesabu yenyewe inahusu ardhi ya kwetu huku Kusini, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, dola ya Wajerumani wa wakati ule, Georg Heinrich von Reisswitz, alikamilisha kazi iliyoanzwa na baba yake mwaka 1812. Alikuwa na ramani kubwa ya kipimo cha 1 kwa 8,000, vibao vidogo vinavyosimama badala ya vikosi, dadu, na mwamuzi. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika 2 za vita. Makamanda wa pande mbili waliandika amri zao kwenye karatasi, mwamuzi akazipokea, akapima umbali, akarusha dadu, akaamua nani kapungua na nani kasonga. Kila upande ulioneshwa vile tu ambavyo ungeviona ukiwa uwanjani. Jenerali von Müffling, mkuu wa wanadhimu wa Prussia, alipooneshwa alikubali kwamba haya ni mafunzo ya vita, akayapendekeza kwa jeshi zima.

Kompyuta ya leo imekalia kiti cha yule mwamuzi. Ndani yake kuna ardhi iliyokatwa katika viraba vidogo, kila kiraba kina kimo chake, aina ya udongo, mimea, njia. Juu ya ardhi hiyo wapo askari, vifaru, mizinga, magari ya ugavi, na kila kimoja kina mwendo wake, uwezo wake wa kuona, na silaha yenye uwezekano fulani wa kulenga shabaha. Saa ya programu inapiga. Kila inapopiga, mashine inauliza maswali yaleyale: nani kasogea? Nani anamwona nani, au kuna kilima katikati? Nani kafyatua? Hapo inachota namba ya bahati nasibu, kama Reisswitz na dadu zake, na kuamua kama risasi imempata mtu. Kisha inapiga tena. Kwa kuwa bahati imo ndani, vita vilevile vikiendeshwa mara 1,000 havitoi jibu moja. Mnadhimu anayejua kazi yake hatafuti jibu moja. Anatazama ni mara ngapi mpango uliporomoka, na uliporomokea wapi.

Mazoezi yenyewe yako ya namna tatu. Yapo ya askari halisi uwanjani, bunduki zao zikifyatua mwanga wa leza badala ya risasi, na kila mmoja amevaa vipokezi vinavyolia akipigwa. Yapo ya mtu halisi ndani ya kiigaji, kama rubani anayejifunza ndege akiwa ardhini. Katika miaka ya 1980 Wamarekani waliunganisha viigaji vya vifaru kwa mtandao uliojulikana kama SIMNET, wahudumu walio katika vituo mbalimbali wakawa wanapigana katika uwanja mmoja usiokuwepo popote. Na ya tatu ni yale ambayo watu, silaha na ardhi vyote ni namba, na binadamu pekee aliyebaki ni kamanda na wanadhimu wake wanaotoa amri. Haya ya tatu ndiyo nitakayoyashughulikia, kwa sababu ndiyo yanayotumika kupanga, na ndiyo yanayoweza kumdanganya mkubwa akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Sasa twende Mahiwa.

Wazee wa Nyangao na Mtama hawahitaji kuelezwa Mahiwa iko wapi. Vijana, mkitoka Lindi kuelekea Masasi mnaipita. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kando ya bonde la Lukuledi, walipigana pale jeshi la Waingereza na jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Nasema Waingereza na Wajerumani kwa sababu ndivyo vitabu vinavyosema. Waliokuwa wamelala kwenye mahandaki upande wa Wajerumani wengi wao walikuwa askari Waafrika. Upande wa Waingereza walikuwepo Wanaijeria, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa Afrika Mashariki), Wahindi na Waingereza wenyewe. Hesabu zinazotajwa sana ni kama watu 4,900 upande wa Waingereza na kama 1,500 upande wa Wajerumani.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1914, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa amechapisha milinganyo ya mapigano ambayo hadi leo imo ndani ya programu nyingi za uigaji. Aliwaza hivi: katika vita vya bunduki kila askari anaweza kumlenga yeyote wa upande wa pili. Kwa hiyo kasi ya sisi kupungua inategemea idadi yao, na kasi ya wao kupungua inategemea idadi yetu. Ukiikokotoa hesabu hiyo mpaka mwisho unapata kwamba nguvu ya kikosi huenda kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Ukiwa na watu mara mbili ya mwenzako, silaha zikiwa sawa, nguvu yako ni mara nne. Watu 1,000 wakipigana na 500 hadi mwisho, wale 500 wanakwisha wote na upande wa pili wanabaki 866. Mwenye kalamu na ahakikishe: kipeo cha pili cha 1,000, toa kipeo cha pili cha 500, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu.

Ingiza Mahiwa sasa. 4,900 kwa 4,900, toa 1,500 kwa 1,500, tafuta kipeuo cha pili: unapata 4,665 hivi. Kompyuta inakuambia Waingereza watawamaliza Wajerumani wote na kupoteza watu wasiofika 250. Kamanda yeyote akipewa karatasi hiyo atatia saini.

Kilichotokea ni kwamba Waingereza walipoteza kama watu 2,700, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wajerumani walipoteza mia tano na kitu.

Naomba tusiende haraka hapa. Lanchester hakukosea kuzidisha. Aliweka sharti: kila mtu anamwona na kumlenga kila mtu. Mahiwa hapakuwa na sharti hilo. Walinzi walikuwa wamejichimbia kwenye mwinuko, bombomu zimefichwa, na washambuliaji walitumwa mbele moja kwa moja, wimbi baada ya wimbi. Lanchester mwenyewe alikuwa na mlinganyo wa pili, wa mapigano ambayo idadi haina faida ya mraba, ya mtu kwa mtu au ya kufyatua ovyo eneo usiloliona. Ukiutumia huo, pande mbili zinapoteza sawasawa, 1,500 kwa 1,500. Bado haufanani na ukweli. Ili namba zikubali, lazima umwambie mashine kwamba kila aliyeanguka kwenye handaki aligharimu zaidi ya watano waliokuwa wanapanda. Na mashine haiwezi kukupa hiyo tano kutoka hewani. Mtu aliyelala kwenye handaki, au aliyelichunguza, ndiye anayeijua.

Kuna na jambo la kamanda. Aliyeongoza mashambulizi yale, Jenerali Beves, alikuwa amewahi kupigana na Lettow-Vorbeck huko Reata, karibu na Kilimanjaro, mwaka 1916, na huko pia aliwatuma watu wake mbele moja kwa moja. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba aliijua tabia hiyo na aliitegemea. Utaiweka katika kiraba gani cha ramani tabia ya mtu?

Halafu nauliza: nani alishinda Mahiwa? Ukihesabu miili, Wajerumani, bila ubishi. Lakini katika siku zile nne walimaliza karibu risasi zao zote za baruti isiyotoa moshi, na hapakuwa na meli ya kuwaletea nyingine. Wiki chache baadaye Lettow-Vorbeck aliacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Hakurudi tena Lindi. Programu iliyoambiwa ihesabu maiti ingempa medali. Programu iliyoambiwa ihesabu risasi na dawa ingemwambia: mpango wako umekwisha, ondoka. Zote mbili zingekuwa zimekokotoa sawasawa. Aliyeamua kitu gani kihesabiwe ndiye aliyeamua jibu, na huyo ni binadamu aliyekaa mezani wiki kadhaa kabla ya mashine kuwashwa. Ndiyo sababu ya mimi kusimama mbele yenu leo.

Maana katika hesabu za Mahiwa hata mimi nimewaacha watu. Wapagazi wako wapi?

Vita vile vilibebwa vichwani. Katika Afrika Mashariki nzima, pande zote zikijumlishwa, wapagazi waliochukuliwa wanakadiriwa kufikia kama milioni moja, na waliokufa, wengi kwa njaa na magonjwa, ni zaidi ya laki moja. Tufanye hesabu nyingine, nyepesi kuliko ya Lanchester lakini kali zaidi. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za chakula, na yeye mwenyewe anakula kilo 1 kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku 10 na arudi siku 10. Amekula 20. Amefikisha 5. Ukimpeleka siku 12 na nusu, hafikishi hata punje. Afanyeje kamanda? Anapunguza posho ya mpagazi, au anachukua chakula kijijini. Katika vita vile yote mawili yalifanyika, ghala za wakulima wa Kusini zikakombwa. Programu nyingi za uigaji zinajua gari la ugavi linakunywa lita ngapi. Kijiji lililopitia huwa ni kiraba cha rangi ya kijivu kilichoandikwa "makazi".

Nikiwa na kijana wa Newala, wa Tandahimba, wa Nanyumbu, anayejua kuandika programu, hicho kiraba hakitabaki kijivu. Atauliza humo ndani wamo watu wangapi, wanakula nini mwezi huu, kisima kiko wapi, barabara ikifungwa wanakimbilia upande gani.

Chukueni ardhi yenyewe. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada vimo vya sehemu kubwa ya dunia, na takwimu hizo zinapakuliwa bure. Uwanda wa Makonde umo, mteremko kwa mteremko. Mashine itakuambia toka bonde la Ruvuma hadi Newala unapanda kiasi gani. Haitakuambia kwamba juu kule maji ni ya shida, na kwamba mama zetu kwa vizazi walishuka mabondeni kuyafuata na kuyapandisha kichwani. Kikosi kilichowekwa juu ya uwanda kwa sababu kutoka pale kinaona mbali kitakuwa na kiu siku ya pili. Na hata huko kuona mbali nakushuku. Rada mara nyingi hugota kwenye majani, haifiki udongoni. Tena nani humu hajawahi kuingia chini ya mikorosho iliyozeeka? Matawi yanagusa ardhi. Hatua 30 tu, humwoni mwenzako. Programu iliyoandikiwa jangwa la Kuwait, ambako vifaru vilionana kwa kilomita mbili na zaidi, ikiletwa Tandahimba bila kubadilishwa itasema mambo ya ajabu kwa kujiamini kabisa.

Kusini tumeshaona gharama ya mpango uliopendeza kwenye karatasi. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka nchi yetu na jirani zake kwa wiki 9 na kupendekeza karanga zilimwe katika zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ikaanza 1947, ikiendeshwa kama vita, na wengi waliotoka jeshini. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa bandari yetu hii ya Mtwara yenye kina kirefu, ikajengwa reli. Mvua haikufuata ratiba, udongo wa Kongwa, kule Dodoma, ulikauka ukawa mgumu, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Reli iling'olewa baadaye. Bandari tunayo. Hakuna hesabu yao hata moja iliyokuwa ngumu kupita uwezo wao. Wakulima wa hapa walikuwepo, na wangeweza kuulizwa juu ya mvua.

Lipo kosa baya kuliko la kutojua, nalo ni kukataa kushindwa. Mwaka 2002 Marekani ilifanya zoezi kubwa mno lililoitwa Millennium Challenge, kwa gharama ya kama dola milioni 250, sehemu uwanjani na sehemu ndani ya kompyuta. Aliyepewa kucheza adui ni Paul Van Riper, luteni jenerali mstaafu. Alijua wenzake wanasikiliza mawasiliano yote ya redio na simu, basi akatuma amri kwa waendesha pikipiki. Akakusanya boti ndogo na makombora, akashambulia kwa pamoja, na ndani ya kompyuta manowari 16 zikazama, mojawapo ikiwa ya kubeba ndege. Waandaaji waliziinua upya zile manowari, zoezi likaendelea, na adui akawekewa mipaka ya nini afanye na nini asifanye. Van Riper akaacha ukamanda wa upande ule. Waandaaji walijitetea kwamba maelfu ya watu walikuwa wameletwa kujifunza na wasingeweza kurudishwa nyumbani siku ya pili. Nauelewa utetezi huo. Lakini manowari zingeweza kuelea tena kwa ajili ya mazoezi, na bado ripoti ya kwanza mezani kwa wakubwa ingekuwa ile ya kuzama. Mchezaji wa bao anayerudisha kete zilizokwisha kuliwa hajapata faida yoyote, na kete zake bado zimeliwa.

Mfano wa kinyume chake nilioupenda sana ni wa Liverpool, Uingereza, na hili nawaomba dada zetu wa kidato cha tano walisikilize. Januari 1942 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula za Uingereza katika Atlantiki. Kapteni Gilbert Roberts alipewa vyumba juu kabisa ya jengo moja na wasichana wa jeshi la majini, baadhi yao hawajafika hata miaka 20. Walichora bahari sakafuni kwa chaki. Maofisa waliokuja kujifunza walikaa nyuma ya vitambaa vyenye matundu, waone kiasi tu ambacho wangekiona wakiwa melini. Wasichana wale walisogeza meli na nyambizi, wakapima, wakajaribu, wakajaribu tena, mpaka wakagundua kwamba nyambizi hazikuwa zinafyatua zikiwa nje ya msafara. Zilikuwa zinapenya ndani yake usiku. Kutokana na hapo wakabuni namna mpya ya manowari kuzitafuta, na maelfu ya maofisa wakapita katika vyumba vile kuisoma. Amiri Max Horton, ambaye mwenyewe alikuwa nahodha wa nyambizi katika vita vya kwanza, alicheza upande wa nyambizi dhidi ya msichana aitwaye Janet Okell, akashindwa mara kwa mara. Pale hakuna aliyeombwa arudishe meli juu ya maji.

Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na chaki, uzi, na ruhusa ya kumwambia mkubwa kwamba ameshindwa.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya jeshi, raia tukae pembeni. Mipango ya Jeshi la Wananchi ni siri yake, na sisi tunaoishi karibu na Ruvuma tunajua kwa nini inapasa iwe siri. Hisabati yake lakini ni elimu ya wazi, na jeshi lenyewe litawapata wapi wataalamu wa kuandika programu zinazoifahamu nchi hii kama hatuwalei huku? Tena njia hizihizi zinatumika kwa maafa. Kimbunga Kenneth kilipokaribia Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wajihadhari, kisha kikatua kusini yetu, Msumbiji. Hidaya kilipokuja Mei 2024 mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Yule mpagazi wa kilo 25 na lori la unga lililokwama Somanga wanahesabiwa kwa mlinganyo mmoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi mawili.

Vijana, nimekubaliana na walimu wenu kwamba tutaandika uigaji wetu wenyewe wa Mahiwa. Tutaanza na Lanchester kwenye jedwali la kawaida la Excel, kila mstari ukiwa saa moja ya mapigano. Tukishaona unavyokosea, tutaongeza mahandaki, kisha risasi zinazokwisha, kisha wapagazi. Upande wa adui atapewa yule atakayekuwa mbishi kuliko wote, na akishinda, matokeo yanaandikwa ubaoni na hayafutwi.

Wazee wangu, ninyi mna takwimu ambazo Endeavour haikuzichukua. Mwezi wa kumi mto Lukuledi unabaki na maji sehemu gani? Njia za zamani za kutoka Mahiwa kwenda Masasi, kabla ya lami, zilipita wapi? Yupo aliyesimuliwa na babu yake kijiji gani kilihama wakati wa vita vile, na kilikwenda wapi? Mwalimu wa historia atakaa pale karibu na mlango akiwa na daftari mpaka saa kumi na moja, na kwa anayeona tabu kusimama, yeye atakuja alipokaa.